Marehemu Alikuwa Anasumbuliwa na Nini?

Katika misiba yetu ipo dakika moja ambayo hata waliokwenda kuvuta sigara nyuma ya migomba hurudi upesi. Ni pale msemaji wa familia anaposimama na karatasi iliyokunjwa mara nne na kuanza kusoma wasifu wa marehemu. Shule aliyosoma, mwaka aliofunga ndoa, watoto aliojaliwa, hayo yote watu huyasikiliza kwa sikio moja. Kisha inafika aya ya ugonjwa, na turubai zima linanyamaza. "Marehemu alianza kusumbuliwa na..." Hapo hata aliyekuwa anasinzia hufumbua macho.

Nilipokwenda Matombo, mkoani Morogoro, kumzika baba mdogo, aya hiyo ilikuwa na sentensi mbili. Marehemu aliugua ghafla usiku wa Jumatano, akakimbizwa zahanati, na kabla gari la kumteremsha mjini halijapatikana, Mungu akamchukua. Alikuwa na miaka 54, fundi seremala, hajawahi kulazwa maishani mwake. Nyuma yangu mzee mmoja akanong'ona kwamba maradhi ya ghafla siku hizi yamezidi. Mwenzake akamjibu kwamba ghafla kitu gani, hapo pana mkono wa mtu. Nami, mwandishi ninayelipwa kwa kuuliza maswali, sikuuliza lolote. Nilikula wali, nikatoa rambirambi, nikapanda basi kurudi Dar es Salaam.

Njiani ndipo swali liliponijia. Kifo kile kimeandikwa wapi? Mjini, kaburi halichimbwi bila kibali cha mazishi. Kijijini mtu huzikwa kwenye shamba la ukoo wake, na sijui ni nani angesimama pembeni ya shimo akidai karatasi. Cheti cha kifo, kinachotolewa na RITA, hutafutwa siku kinapohitajika: mirathi, mafao ya NSSF, akaunti ya benki, kiwanja chenye ugomvi. Marehemu asiyeacha kitu cha kugombewa huondoka bila maandishi. Na hata cheti kikipatikana, pale penye chanzo cha kifo mara nyingi hujazwa maneno yasiyomuudhi mtu: moyo kusimama. Sijapata kusikia aliyekufa moyo wake ukiendelea.

Nchi isiyoandika vifo vyake hujuaje watu wake wanakufa kwa kiasi gani, na kwa nini? Hujua kwa kuwauliza waliobaki. Na hesabu ya kuuliza waliobaki, kwa sehemu kubwa, ina mizizi yake hapa hapa kwetu.

William Brass, mtaalamu wa takwimu kutoka Scotland, alikuja Nairobi mwaka 1948 kufanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, akakaa hadi 1955. Alikuta makoloni ambayo hayakuwa na daftari la vizazi wala vifo la kuaminika, na watu wengi wasiojua umri wao kwa tarakimu. Badala ya kulalamika kwamba takwimu ni mbovu, akatafuta namna ya kuzifanya mbovu zilizopo ziseme kitu. Ukimwuliza mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, waweza kukadiria vifo vya watoto bila kuona kaburi hata moja. Baadaye, akiwa amerudi Uingereza, yeye na wenzake wakaugeuza mtego huo kwa watu wazima: muulize mtu wa miaka 25 kama mama yake yu hai, kama baba yake yu hai. Wajibu maelfu kwa maelfu, na majibu ya yatima hao yanakuambia watu wazima wa kizazi kilichopita walikuwa wanakufa kwa kasi gani.

Ndiyo maana karani wa sensa alipokuja kwako alikuuliza kuhusu wazazi wako, na pengine ulidhani anakuchimba. Ila swali hilo kwa Kiswahili lina shimo ambalo Brass hakulichimba yeye. Mtoto aliyefiwa na mama akiwa mchanga, akalelewa na dada wa mama, anamwita nani mama? Ukimwuliza kama mama yupo, atakuonyesha jikoni, na hatakuwa amesema uongo. Wataalamu huita kasoro hiyo kasoro ya kuasili, lakini sisi hatukuasili mtu. Tuna mama mkubwa na mama mdogo, basi. Kwa hiyo madodoso yetu husema "mama mzazi", na neno hilo la pili ndilo linalobeba uzito wote. Vivyo hivyo kwenye tafiti za afya ya uzazi, mwanamke anapoulizwa kuhusu kaka na dada zake ili vifo vya watu wazima vikadiriwe, haitoshi kusema "ndugu zako". Ndugu zangu mimi wanajaza basi. Inabidi iwe "waliozaliwa na mama yako mzazi", mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza: yu hai, alifariki, akiwa na miaka mingapi, na kama ni dada, alikuwa mjamzito?

Hesabu hizo hukuambia wangapi. Hazikuambii kwa nini. Kujua kwa nini, lazima mtu aende akakae mkekani na wafiwa.

Walioanza kufanya hivyo kwa mapana yake Tanzania, kwa watu wazima hasa, walianza mwaka 1992. Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle na kwa fedha za serikali ya Uingereza, ilianzisha mradi uliokuja kujulikana kwa herufi zake nne, AMMP, mradi wa maradhi na vifo vya watu wazima. Dk. Henry Kitange alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Profesa Donald McLarty, mganga aliyefundisha miaka mingi Muhimbili, alikuwa mmoja wa walioufikiria. Walichagua sehemu tatu zisizofanana: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai iliyo mteremkoni mwa Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Jumla ya watu walioingia kwenye hesabu yao walizidi 300,000.

Lazima ukumbuke hali ya wakati ule ili uone walikuwa wanaogelea dhidi ya mkondo. Miaka ya 1980 yote dunia ilikuwa inahesabu watoto. Chanjo, maji ya chumvi na sukari kwa anayehara, kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito: kila mfadhili alitaka kujua mtoto wa chini ya miaka mitano anaendeleaje, na ilikuwa haki yake kutaka. Lakini nyuma ya juhudi hizo palikuwa na dhana isiyosemwa, kwamba Mwafrika aliyevuka miaka mitano amevuka mto, na kutoka hapo ataenda tu mpaka uzee. Hakuna aliyekuwa na takwimu za kuithibitisha au kuikanusha. Mtu mzima alikuwa haugui. Alikuwa anafanya kazi.

Namna yao ya kufanya kazi haikuwa na mashine. Katika kila eneo palikuwa na mtu wa hapo hapo aliyepeleka taarifa kifo kinapotokea. Baada ya muda, matanga yakiwa yameanuliwa na vilio vimepoa, alifika tabibu au muuguzi aliyefunzwa, akaketi na aliyemuuguza marehemu. Si ndugu yeyote tu: yule aliyelala naye chumba kimoja, aliyemwosha, aliyemshika kichwa akitapika. Kisha maswali. Homa ilianza lini, ilikuwa inakuja na kuondoka? Alikohoa kwa muda gani? Alikonda? Upande mmoja wa mwili ulilegea? Miguu ilivimba? Majibu yalipelekwa kwa madaktari wawili, kila mmoja akayasoma peke yake na kuandika anachodhani kilimuua mtu huyo. Wakipishana, wa tatu huamua. Kitaalamu huitwa uchunguzi wa kifo kwa mahojiano. Si kupasua maiti, na hakuna anayedai ni sahihi kama kupasua. Una mipaka yake: kifafa na wazimu huweza kusimuliwa kama mapepo, na ugonjwa wa aibu hupewa jina la jirani. Lakini mke aliyemuuguza mume wiki sita ni shahidi ambaye hospitali nyingi hazina.

Matokeo ya miaka mitatu ya kwanza yalichapishwa mwaka 1996 katika British Medical Journal, na hadi leo nikiyasoma hunikalisha chini. Chukua wavulana 100 wa kidato cha pili, wenye miaka 15. Wapitishe katika vifo vya miaka ile kana kwamba hakuna kitakachobadilika, kisha uhesabu ni wangapi watazikwa kabla ya kufika miaka 60. Hai, zaidi kidogo ya theluthi. Dar es Salaam, karibu nusu. Morogoro Vijijini, zaidi ya nusu. Wasichana wa Hai ndio waliokuwa na nafuu kuliko wote, karibu robo tu yao wangepotea, kama neno "tu" linafaa hapo. Wasichana wa Morogoro walikuwa karibu nusu.

Mimi ni wa Morogoro. Darasa letu la kidato cha pili lilikuwa na picha ya pamoja, na ninayo bado.

Kilichowashangaza wengi ni mpangilio wenyewe. Ungetarajia Dar es Salaam iwe juu kabisa, maana ndiko UKIMWI ulikokuwa umepiga kambi. Lakini Morogoro Vijijini ilikuwa na UKIMWI wake, na juu ya huo ilikuwa na homa kali, malaria, kuhara, kifua kikuu, kujifungulia mbali na msaada. Magonjwa ya zamani hayakuwa yameondoka ili kuyapisha mapya. Hai walikuwa na kahawa, shule za misheni, hospitali ya Machame, na jirani yao hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Umbali kati ya wilaya mbili za nchi moja ulikuwa umbali wa maisha.

Sehemu zote tatu, UKIMWI pamoja na kifua kikuu ulikuwa juu ya orodha ya vilivyokuwa vinaua watu wazima. Leo tunalisema kwa wepesi. Wakati ule halikuwa linasemwa. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walibainika mkoani Kagera mwaka 1983, na huko ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinavushwa na wachuuzi wa mpakani. Baadaye mijini ukawa ngoma, mdudu, umeme. Aliyeambukizwa alikuwa amekanyaga miwaya. Kadiri majina ya mtaani yalivyoongezeka ndivyo wasifu wa marehemu ulivyozidi kuwa mfupi. Aliugua kwa muda mrefu. Alisumbuliwa na kifua. Wahojaji wa AMMP hawakulazimisha mtu alitaje jina hilo. Waliuliza kuhusu kukonda, kuharisha kwa mwezi na zaidi, mkanda wa jeshi mgongoni, utando mweupe mdomoni, na mjane akajibu swali moja moja bila kusema kile ambacho familia iliapa kutokisema. Daktari aliyesoma karatasi alielewa. Nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote waliyoipa mikeka ile.

Kuna jambo jingine ambalo vifo vyenyewe vilificha. Wengi walioambukizwa Dar es Salaam au Arusha hawakufia huko. Hali ikiwa mbaya walirudishwa nyumbani, kwa mama, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, wakazikwa penye migomba ya baba zao. Mji ulisafirisha vifo vyake kwa basi. Aliyesoma takwimu za kijiji bila kujua mila ya kurudi nyumbani kufa angedhani mlimani ndiko hatari ilikoanzia.

Ukitaka kuona ukubwa wa lile pigo katika mstari mmoja, tazama umri wa kuishi uliokadiriwa na sensa zetu. Mwaka 1988 ulikuwa miaka 50. Mwaka 2002 ulikuwa 51. Miaka kumi na minne ya chanjo, visima, zahanati na walimu, na tuliongeza mwaka mmoja. Wengi hukosea hapa kwa kudhani umri wa kuishi wa 51 maana yake watu walikufa wakiwa na 51. La, wachache mno hufa hapo hasa. Ni wastani wa mchanga na mzee waliowekwa kapu moja. Watoto walikuwa wanapona zaidi, na kwenye kapu lile lile watu wa miaka 30 walikuwa wanamwagika. Mwisho wa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Oktoba 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure. Sensa ya 2012 ilipokuja, umri wa kuishi ulikuwa umevuka 60. Muongo mmoja uliongeza kile ambacho miongo mingi kabla yake haikuweza, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka kwa watu wazima waliokuwa wamekwisha kuandikiwa kaburi.

Maambukizi nayo yalishuka polepole. Utafiti wa 2003 hadi 2004 ulikuta asilimia 7 ya wenye miaka 15 hadi 49 wana VVU. Ule wa 2011 hadi 2012, asilimia 5.1. Kisesa, karibu na Mwanza, ambako watafiti wamekuwa wakifuatilia kaya zile zile tangu 1994, na Kyamulibwa kule Masaka nchini Uganda, ambako walianza 1989, hadithi ni hiyo hiyo: vifo vya watu wazima vilipanda mlima, vidonge vikaja, vifo vikateremka. Mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, iliyofuatiliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa na sura yake: UKIMWI na kifua kikuu vilibeba karibu nusu ya mzigo wa vifo kwa waliovuka miaka mitano, na nyuma yake, kwa wanaume vijana, visu, risasi na ghadhabu za umati.

Sasa nirudi kwa baba mdogo, maana hakuwa na UKIMWI. Ila kumfikia inabidi nianzie mbali.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa hospitali ya Kavirondo ya Kusini, eneo la Kisii ya leo, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kwa miaka miwili alilaza wagonjwa wapatao 1,800 wa Kiafrika na hakumkuta hata mmoja mwenye shinikizo la damu. Alipima presha za wanaume wenye afya pia, akaona kwamba kwao, tofauti na Wazungu, haikupanda na umri. Ilipopita miaka 40 ilielekea kushuka. Aliamini anachokiona. Tatizo ni kwamba waliokuja baada yake waliendelea kukiamini baada ya kuacha kuwa kweli, na kwa miaka mingi presha ikabaki kuwa ugonjwa wa Wazungu na mabosi. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata vijana wa Kijaluo kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya walipohamia Nairobi kutafuta kazi. Miezi michache tu mjini, presha zao zilikuwa juu ya za wenzao waliobaki, na mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi.

AMMP walipopima watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kijiji cha Hai, walikuta karibu watu 30 katika kila 100 wana presha, mjini na kijijini karibu sawa. Zaidi ya hapo ndipo pabaya. Katika hao wenye presha, wasiofika mmoja kati ya watano walijua kwamba wanayo. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa anatumia dawa. Waliokuwa wameidhibiti hawakufika hata mmoja katika mia. Hesabu hiyo ni ya miaka ya 1990. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta zaidi kidogo ya robo ya wenye miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na sioni dalili mtaani kwangu kwamba kujua kumeongezeka kama maduka ya chipsi yalivyoongezeka.

Presha isiyojulikana ina njia ya kujitambulisha, nayo ni kiharusi. Mwaka 2000 Richard Walker na wenzake wa AMMP waliandika kwamba watu wazima wa chini ya miaka 65 katika sehemu zote tatu, Morogoro ikiwamo, walikuwa wanakufa kwa kiharusi kwa kiwango kilichozidi cha Uingereza na Wales mara kadhaa. Yaani ugonjwa uliosemwa si wetu ulikuwa wetu kuliko wao, ila wetu ulituulia nyumbani. Walirudi tena kati ya 2003 na 2006 kuhesabu wagonjwa wapya, wanaokufa na wanaopona. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na kiharusi karibu mara tatu ya Hai.

Na hapa pana kichekesho kisichochekesha. Watafiti waliozungumza na wagonjwa na ndugu zao waligundua kwamba Hai wengi waliona kiharusi kuwa maradhi kama maradhi mengine, yanayotokana na presha, mawazo, vyakula. Dar es Salaam, mji wa Muhimbili, wa magazeti na redio, wengi walisema ni mapepo: kapigwa na upepo mbaya, katupiwa jini. Nimeishi Dar es Salaam vya kutosha kutoshangaa. Mtu mwenye nguvu zake anayeanguka bafuni asubuhi akiwa hana homa wala kikohozi, mdomo umepinda, maneno yamekwama. Ugonjwa wa namna hiyo unafanana na kupigwa. Kama hujawahi kuambiwa kwamba presha haiumi, utatafuta aliyepiga.

Kisukari kilifuata njia ile ile. McLarty na wenzake walipopima wakazi wa vijiji sita na kuchapisha matokeo mwaka 1989, walipata chini ya mtu mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulipata tisa. Waliopimwa hawakuwa rika moja wala mahali pamoja, kwa hiyo usiseme kimeongezeka mara tisa au kumi. Sema tu kwamba kliniki ya kisukari ilikuwa na benchi moja na sasa foleni inatoka nje ya mlango.

Mengine nayapita kwa haraka, si kwa sababu ni madogo. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa na utafiti wa 2015 hadi 2016 vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni mteremko mkubwa ajabu kwa miaka saba, na ni wa kupongezwa hata na mtu mgumu kama mimi ambaye angependa kuyaona madaftari ya vifo yakiusema vivyo hivyo. Bodaboda zimewapa vijana ajira na zimeijaza wodi ya mifupa. Saratani ya shingo ya kizazi inaendelea kuwafikisha wanawake hospitali ya saratani ya Ocean Road wakiwa wamechelewa, ingawa tangu 2018 wasichana wanachanjwa nchi nzima. Na mwaka 2020 tulipoacha kutangaza takwimu za korona, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21, lugha ya misibani ilizaa neno jipya kwa miezi michache: changamoto ya kupumua. Kwa kuwa hatuna daftari kamili la vifo la kurudi kulipekua, neno hilo ndilo kumbukumbu tuliyobaki nayo.

Kujua kunasaidia nini, aliniuliza mhariri wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 halmashauri za Morogoro Vijijini na Rufiji zilishirikishwa katika mradi mwingine, TEHIP, uliofanya jambo la kitoto kabisa. Walichukua takwimu za vifo, kwa Morogoro zikiwa hizo hizo za mikekani, wakaziweka kando ya bajeti ya afya ya wilaya. Malaria ilikuwa inabeba asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa inapotea Morogoro. Katika bajeti ya 1996 ilikuwa imepewa asilimia 5. Fedha zilikuwa zimegawanywa kwa mazoea, kama mtu anavyoweka chumvi bila kuonja. Halmashauri zikapewa nyongeza ndogo, isiyofika dola moja kwa kila mkazi, na uhuru wa kuzipeleka fedha palipo na wagonjwa. Vifo vya watoto vikashuka kwa kasi. Mradi uliohesabu watu wazima ukawa umewaokoa watoto, jambo ambalo naamini lingemfurahisha McLarty.

AMMP ilifungwa mwaka 2004. Wahojaji wake wakaondoka mikekani. Siku hizi vituo vichache vinaendelea na kazi hiyo kwingineko, na kompyuta imechukua nafasi ya wale madaktari wawili. Unaiingizia majibu, inakupa uwezekano. Shirika la Afya Duniani limeliweka dodoso lake wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Nililichapa, kurasa nyingi kuliko nilivyotarajia, nikalitia kwenye mkoba nilipokwenda kwenye arobaini ya baba mdogo.

Jioni, wageni walipopungua, nilimwomba mama mdogo tukae nyuma ya nyumba, karibu na karakana yake marehemu. Nilimweleza kwamba mimi si daktari. Akasema anajua, nilimtapikia mgongoni nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenipeleka kliniki. Nikaanza. Homa? Hakuwa na homa. Kikohozi? Hapana. Alikonda? Suruali zake zilikuwa zinambana.

Upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi?

Alinyamaza, akaokota takataka ya randa, akaizungusha kidoleni. Wiki mbili kabla, alisema, alianza kuangusha misumari. Mkono wa kulia. Alicheka mwenyewe, akasema uzee umeanzia vidoleni. Usiku ule alitaka maji, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, na mama mdogo alimgombeza, kwa sababu mume wake hakuwa mtu wa kupokea kitu kwa kushoto. Alipotaka kujibu, maneno yalitoka kama ya mlevi. Jirani aliyeitwa akasema ni upepo, wakamsomea, wakamchomea ubani, na gari likaitwa baada ya hapo.

Aliwahi kupimwa presha? Aliwahi, miaka mingi nyuma, alipokwenda mjini kununua mbao. Muuza dawa mmoja alimpima bure. Mama mdogo akaingia ndani, akarudi na pakiti ya vidonge iliyofifia maandishi. Vilikuwa vimebaki kumi na vitatu. Alisema aliviacha kwa sababu havikuwa vinamtuliza chochote, maana hakuwa anaumwa.

Swali lililofuata kwenye dodoso lilikuwa la tumbaku. Hakuvuta sigara, alisema mama mdogo, ila ugoro alinusa, na akanieleza kopo liliwekwa wapi.

Nikaandika.